Baba Anasema Damu ya Kina Osmund Haiiwezi Korona

Shikamoo Shangazi Bonifasia,

Naomba unisikilize na unisaidie mawazo, maana hapa nyumbani kila ninayemweleza ana upande wake, na kanisani matangazo ya ndoa yetu yameshasomwa Jumapili mbili, imebaki moja, na baba amesema kabla ya hiyo ya tatu atakwenda kwa Paroko kutoa kizuizi.

Mimi ni binti wa Matiri, nina miaka ishirini na saba, nashona nguo Mbinga mjini, na mchumba wangu nimwite Osmund ingawa siyo jina lake, ni fundi wa kuchomelea mageti na kwao ni Liuli, kule ziwani. Huu ni mwaka wa tatu tangu tujuane na sijawahi kumwona amelewa wala kunipandishia sauti, akija nyumbani anamsalimia baba kwa adabu zote, anachukua jembe anaingia naye kwenye ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo, kule mlimani kama mtoto wa humo humo, na baba mwenyewe alikuwa akimsifu mbele ya watu, posa ikapokelewa na mahari ikazungumzwa bila ugomvi. Kilichokuwa kimebaki ni shangazi yangu, dada wa baba, kwenda Liuli kuulizia ukoo kama desturi ilivyo, maana kwetu huozi binti kabla hujajua kama huko aendako kuna kifafa, kuna ukoma, au kuna watu wa kujinyonga. Alitakiwa kwenda kabla ya posa lakini mvua ziliharibu barabara ya kushukia ziwani, watu wakasema basi tuendelee, atakwenda tu.

Sasa amekwenda na amerudi na habari ya korona. Anasema kifafa hakuna, ukoma hakuna, lakini mwaka 2021 lile wimbi lilipopita nyumba ile ilizika baba yake Osmund, ikazika baba yake mkubwa, ikazika na dada yake Otilia ambaye alikuwa ametoka kujifungua, wote katika kipindi kimoja, na Osmund naye alilazwa akawekewa oksijeni akapona kwa neema ya Mungu. Hayo Osmund alishanieleza zamani. Kilichomshtua shangazi ni kwamba mama yake Osmund alikuwa humo humo akiwauguza, akijifukiza nao nyungu wote pamoja chini ya blanketi moja kubwa, na hakupata hata mafua, na yeye ndiye pekee asiye wa damu ile, ni mtu wa kuja, kwao Ukata. Jirani mmoja akamwambia shangazi, "Dada, ukoo huu ukiguswa na ugonjwa wa kifua hausimami."

Basi baba akashika hapo hapo. Baba ni mtu wa kahawa, na kahawa zetu za zamani zilikuwa zinashikwa na chole buni, buni zinakuwa nyeusi zikiwa bado mtini, mpaka ilipokuja miche ya vikonyo isiyoshikwa ugonjwa huo, akang'oa shamba zima akapanda upya na hajajuta mpaka leo. Sasa ananiambia kwa upole kabisa, wala hagombi, "Mwanangu, mti ulioonyesha chole buni hatuchukui mbegu kwake. Wewe nitakuozaje huko?" Kaka yangu Wendelin, aliyeko Dodoma, ndiye aliyezidisha, alisoma kwenye simu kwamba watafiti wamethibitisha kuna watu wanazaliwa na vinasaba vinavyofanya kirusi kiwashinde, akaitupia habari hiyo kwenye kundi la familia, na tangu siku hiyo baba anataka Osmund aende Dar es Salaam akapimwe vinasaba alete cheti ndipo ndoa iendelee. Nikamfikishia Osmund. Alivua miwani yake ya kuchomelea, akasema, "Edina, mimi sikuja kwenu kama ng'ombe wa mnadani." Tangu hapo ananisalimia vizuri tu, lakini mazungumzo hakuna, na nimesikia mama yake kule Liuli ameambiwa yote na amekuwa mtu wa kujifungia ndani.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, Shangazi. Wiki hii nilimpelekea chakula karakana, akakohoa kwa moshi wa kuchomelea, nikajikuta nimesogeza kiti. Yeye aliona.

Sisi kwetu korona haikuua mtu, isipokuwa babu Aloyce ambaye mwaka huo huo alikohoa kidogo akashindwa kupumua akafa, lakini yule alikuwa mzee, ni umri tu. Naomba uniambie ukweli. Ni kweli ugonjwa ule unachagua damu? Nimsihi Osmund akapimwe? Watoto wangu watakuja kunifia mikononi? Au nimwache baba aende kwa Paroko yaishe, kwa sababu sijui tena kama ninachokipigania ni mapenzi au ni ubishi.

Ni mimi binti yako, Edina (nalo pia siyo jina langu).

*

Marahaba, binti yangu. Majina umebadilisha, lakini kwa ndoa iliyokwisha kutangazwa Jumapili mbili, Matiri nzima itajua ni akina nani kabla gazeti halijafungiwa maandazi. Hata hivyo umefanya vema kuandika. Pole, maana umebanwa na watu wanaokupenda, na hao huwezi kuwatukana.

Nianze na kaka yako, kwa sababu hajasema uongo. Amesema robo ya ukweli. Nilimuuliza daktari ninayemwamini, akanieleza polepole mpaka nikaelewa. Vinasaba ni yale maagizo tunayoyarithi kwa baba na mama, ndiyo yanayouambia mwili namna ya kujijenga na namna ya kupigana. Watafiti waliwalinganisha watu waliozidiwa na korona na wale walioambukizwa wakapona nyumbani, wakakuta kweli zipo tofauti za kurithi. Baadhi zinahusu jinsi mwili unavyopiga yowe la kwanza kirusi kinapoingia. Wapo watu wachache sana ambao kwao yowe hilo limeharibika tangu kuzaliwa, na hao hata wakiwa vijana wanaweza kuzidiwa vibaya. Kwa wengi waliobaki kila tofauti inaongeza au kupunguza hatari kidogo tu. Umri unazidi hayo kwa mbali, na kisukari, presha, figo na unene navyo vina uzito wake. Hata ile sehemu ya vinasaba iliyovuma kuliko zote kwenye habari, daktari anasema ni nadra sana kwa sisi Waafrika. Tena utafiti mwingi umefanyiwa watu wa mbali, sisi bado hatujachunguzwa vya kutosha. Kwa hiyo Wendelin alipoitupa ile habari kwenye kundi, hakuna mtu wa Liuli aliyekuwa amepimwa humo. Mwambie apumzishe kidole.

Na hicho cheti anachokitaka baba yako hakipo. Hakuna maabara itakayokuandikia kwamba huyu korona itamshinda na huyu haitamshinda. Usimtume mtoto wa watu Dar es Salaam kutafuta karatasi isiyokuwepo.

Sasa tuisome barua yako pamoja, maana majibu mengine umeyaandika mwenyewe ukayapita. Umesema walijifukiza wote chini ya blanketi moja. Edina! Mgonjwa anakohoa, wazima wamebanana naye, hewa haitoki wala haiingii, na kila mmoja anavuta kwa nguvu kwa sababu ameambiwa mvuke uingie mpaka ndani. Siwacheki. Mwaka ule nani hakuwa na nyungu yake? Hata mimi niliinamia sufuria la mchaichai mpaka pua ikababuka. Lakini korona ikiingia chini ya blanketi la namna hiyo haiulizi ukoo. Wale walijaliana, wakaambukizana kwa kujaliana kwao, na leo majirani wanaita jambo hilo damu mbaya. Inaniuma kulisikia.

Otilia alikuwa ametoka kujifungua. Wajawazito na waliotoka kujifungua wamo katika wanaozidiwa haraka, na hilo halihitaji ukoo. Baba yake na baba yake mkubwa walikuwa na umri gani? Walikuwa na presha? Sukari? Shangazi yako alisafiri milima yote ile akauliza kifafa na ukoma, hilo hakuuliza. Na huyo mama ambaye "hakupata hata mafua", nani alimpima? Watu wengi waliupata ugonjwa ule bila kuhisi kitu. Labda naye ulimpitia, ila hakuwa na nafasi ya kujisikia vibaya, maana alikuwa akizika.

Halafu babu Aloyce. Alikohoa, akashindwa kupumua, akafa, mwaka huo huo. Akifa mtu wa Liuli ni damu, akifa mtu wa Matiri ni umri. Wahenga wana methali ya nyani inayofaa mahali hapa, sitaimaliza kwa heshima ya baba yako.

Baba yako namheshimu kweli. Kung'oa shamba zima la kahawa na kuanza upya kunataka moyo, na katika kahawa alikuwa sahihi. Lakini vikonyo hukatwa kwenye mti mama, miche yote ikatoka sawasawa na mama yao. Binadamu hazaliwi hivyo. Kila mtoto ni mchanganyiko mpya, nusu atachukua kwako, na kwako kuna babu Aloyce. Osmund na Otilia walitoka tumbo moja, wakaugua ugonjwa mmoja, yule amezikwa na huyu anachomelea mageti. Mwambie baba hivyo, kwa sauti ile ile ya upole aliyokuambia nayo.

Lakini sitakudanganya ili ufurahi. Inawezekana kipo kitu katika ukoo ule. Vifo vitatu vya nyumba moja si vya kupuuza, na mimi sina kipimo cha kuniwezesha kuapa kwamba hakuna. Ikiwa kipo, faida ya kukijua ni kujilinda. Muulizeni mganga wa zahanati kuhusu chanjo. Mtu akianza kubanwa kifua asisubiri asubuhi wala asisubiri mchaichai uchemke, apelekwe hospitali, na mkifika mseme wazi kwamba nyumba hii imeshafiwa na ugonjwa wa namna hii. Mgonjwa alale chumba chenye dirisha wazi, amhudumie mmoja aliyevaa barakoa, na hilo blanketi kubwa libaki la kujifunika baridi. Nyumba inayoufahamu udhaifu wake huwahi. Ile inayojiona imara ndiyo huchelewa, na naogopa hiyo ni ya kwenu.

Mkitaka kupima damu kabla ya ndoa, kipo kipimo cha maana cha urithi, nacho ni cha selimundu, yaani sikoseli. Pimeni pamoja na VVU, presha na sukari. Wote wawili, siku moja, benchi moja. Ukimpeleka yeye peke yake umerudi kule kule mnadani.

Kuhusu Paroko, mwache baba aende akitaka. Vizuizi vya ndoa vinajulikana: mtu mwenye ndoa nyingine, ndugu wa karibu, anayelazimishwa. Ugonjwa wa kifua wa marehemu haumo. Atapewa chai, atasikilizwa, atarudishwa nyumbani. Lakini habari itakuwa imeshatoka mlangoni, na itamfikia mjane mmoja Liuli kwamba hata kanisani amekwenda kusemwa. Hilo ndilo la kumzuia baba yako nalo, siyo sheria.

Wewe sasa. Kile kiti ulichokisogeza ndicho kizuizi pekee nilichokiona katika barua nzima. Sikuiti mbaya. Hofu ni ya binadamu, na walioipanda ni baba, shangazi na kaka, watatu kwa mmoja. Lakini Osmund aliiona, na kunyamaza kwake, hata kama kulianza na cheti, sasa kunatokana na kiti. Nenda karakana ukamwambie, "Nilikuogopa, na nimeona haya." Usimwelezee habari za vinasaba, ataona unamfundisha. Kisha mshuke pamoja Liuli, ukamsalimie mama. Usibebe maneno ya shangazi wala ya gazeti hili. Kaa naye jikoni, mwache akusimulie habari za Otilia mpaka achoke. Tangu azike watu wake, wamekuja wengi kuulizia damu, sidhani kama amekuja mtu kuulizia binti yake alikuwaje.

Umeniuliza kama unachokipigania ni mapenzi au ubishi, na kama watoto watakufia. Mtoto asiyeweza kuugua hajazaliwa, Matiri wala Liuli. Osmund ataugua siku moja. Wewe pia utaugua. Iwe korona, malaria, uzee, sijui. Siku habari hiyo itakapokuja, unataka ikukute umeketi kando ya kitanda chake ukimpepea, au unataka uisikie kwa watu sokoni Mbinga, na huna ruhusa hata ya kulia?

Jibu hilo usiniletee mimi. Mpelekee baba yako, kabla ya Jumapili.

Shangazi Bonifasia