Mlango wa Uani Haukulia

Kwako mwanangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo hayanisikii. Paka amezaa ndani ya sanduku la viatu vyako. Nimemwachia.

Wakili anasema rufaa yako itasikilizwa Jumanne. Bado anaimba wimbo uleule: jaji alikutia hatiani kwa kifo cha mkeo kwa kuwa mlango wa uani haukulia, kwa hiyo muuaji alikuwa ndani, na ndani ulikuwamo wewe tu, umelala, mimi nikiwa kwa dada yako. Jirani yetu Fundi Redio ndiye aliyeapa kwamba hakusikia mlango, na kwamba hajawahi kukanyaga nyumbani kwetu.

Jana mvua ilinikuta nimeanika nguo. Huyo huyo Fundi Redio akajitia wema, akazianua, akaja nazo mikono imejaa. Nikamtazama. Mlango wetu wa uani unaujua: usipouinua kidogo kwa mguu kabla ya kuusukuma, unalia mtaa mzima usikie. Basi akapenyeza kidole cha mguu chini yake, akauinua, akaingia kimya kama mwenye nyumba.

Nikampa chai, nikacheka naye. Alipoondoka tu nikaenda kwa wakili.

Sasa nijibu, na usinifiche kitu kwa kunionea huruma. Mimi sikumfundisha mlango ule. Kama na wewe hukumfundisha, basi aliyemfundisha tumeshamzika.

Ni mimi mama yako, ninayelala siku hizi nimeegemeza meza mlangoni.