Redio Iliyouzwa Karungu

Bosibori, leo nimeaibika! Unaijua ile redio kaseti ya mume wangu iliyokuwa ikinitoboa masikio. Si aliniapia ameiuza huko sokoni Karungu? Nikamsifu kanisani, mimi mjinga.

Sasa leo kelele zimetoka kwa jirani yetu Bashir mpaka sufuria zangu zinatetemeka. Nikabeba mwiko, nikaenda kugombana.

Mkewe Shamima akafungua mlango. "Mama Beverlyne, afadhali umekuja. Mchukue mzee wako."

Mzee wangu! Obare yuko ndani, shati mkononi, anakata kiuno. Redio ni ile ile. Na betri ni za tochi yangu!

Aliponiona, unajua alifanya nini? Alimgeukia Bashir, macho makavu: "Si nilikuambia mke wangu hapendi kelele?"