Nani Atamfunika Nkatha Leso?

Guildford, Sydney
12 Desemba 2017

Dada yangu mpendwa Miriam,

Salamu kutoka kwenye joto hili la Desemba. Goti lako linaendeleaje? Na mahindi, yamekubali mwaka huu? Sisi tu wazima. Bado nauguza wagonjwa Westmead, ingawa miguu yangu inalalamika kuliko wao.

Mwezi wa nane ulinikatia simu nilipokuambia kuwa binti yetu Nkatha anataka kufunga ndoa na msichana mwenzake. Simu hukatika, dada, undugu haukatiki. Ndiyo maana nakuandikia.

Alhamisi iliyopita bunge la huku lilipitisha sheria ya kuruhusu ndoa hizo, baada ya nchi nzima kupiga kura kwa posta. Mtaani kwetu wengi walisema la, na kanisani wapo wasionisalimia siku hizi. Mimi niliandika ndiyo, nikaipeleka bahasha posta mwenyewe, kichwa juu.

Clifford, nesi mwenzangu mwenye mvi, alilia kazini. Mwaka 1978 polisi walimtia ndani hapa hapa Sydney kwa kuandamana akidai haki za watu kama yeye, wanaume wapendao wanaume. Nilimkumbatia nikamwambia mvumilivu hula mbivu.

Mchumba wa Nkatha ni Yvette, Mkongo wa Goma, dereva wa lori kule Port Botany. Ana heshima, na ugali wake unaushinda wangu. Nampenda.

Harusi ni Aprili, na mila hatuziachi. Jumamosi tulifanya mazoezi ya kuwafunika wasichana leso gubigubi ili mchumba amtambue wake. Kwa mazoea tu, maharusi wote wawili wakaingia chini ya leso! Tukakaa tukingoja. Wekesa, kijana wa jirani, akauliza, "Sasa aunty, who's picking who?" Yvette naye akapiga kelele humo ndani, "Mama, joto itaniua!" Mwishowe Nkatha alijifunua akamtambua kwa buti zake za kazi. Nilicheka hadi machozi.

Lakini kuna jambo ambalo sikulicheka. Mwanzoni, nilipotaka kumfunika Nkatha, alinizuia mkono. Alisema hiyo ni kazi ya mama mkubwa aliyemlea wakati mimi nasoma huku. Akajifunika mwenyewe.

Nisalimie shemeji Rufus na watoto wote. Mungu alitie nguvu goti lako likufikishe huku. Nauli niachie mimi. Leso ninazo, dada. Mkono wako ndio ninaoukosa.

Mdogo wako akupendaye hata ukimkatia simu,
Zilpah