Jina ya Mama mu Chupa ya Eponji

Kwako mama yangu Ngalula, pale nyumbani Ruashi,

Nakupigia magoti toka mbali. Miguu inaendelea namna gani? Ile dawa ya tension, ya damu kupanda, unakunywa, ao ungali unaificha chini ya godoro na kusema inakutolea hamu ya chakula? Mimi niko muzima. Baridi ya huku Norvège haijaniua, ingawa kila asubuhi inajaribu. Yaya Béa, dada yangu mukubwa, wewe njo utamusomea mama hii barua. Soma yote, usirukeruke pahali ninakutaja, na usilainishe sauti pahali niko na kasirani.

Juu niko na kasirani, mama, sikufichi. Ninapiga simu, haupokei. Ninapiga kwa Yaya Béa, ananijibu: "Mama anasema hawezi kuongea na muntu aliyemufunga." Aliyemufunga. Mimi. Mimi niliyepita Lusaka, Johannesburg na Casablanca, niliyelala juu ya magunia ya samaki, na kila pahali nikatafuta simu ili usikie sauti yangu mbele ya kulala, leo njo mimi nimekufunga. Basi ninaandika, juu karatasi haina pahali ya kubonyeza ili kukata. Mama Furaha, ule mama ya Goma anauzaka unga na mafuta ya jumla pale kwetu, alikuja huku kuona dada yake. Anarudi, njo atakuletea hii mukononi.

Acha nieleze kutoka mwanzo, juu mu groupe ya famille, ku simu, muliona mwisho tu.

Munajua kazi yangu. Niko mu labo ya bantu banaosoma banyama ba bahari. Kuko bandugu banasema eti ninaosha chupa. Ni kweli ninaosha chupa. Lakini elimu ya bahari haiendi bila chupa safi, muulize muprofesa yoyote ku chuo kikubwa pale Kasapa. Mukubwa yangu tunamuita Madame. Ni muprofesa, murefu, nywele nyeupe, anatembea sawa muntu aliyeacha chungu ku moto.

Madame alinipeleka mu mashua ya kazi. Banashusha kikapu ya chuma chini kabisa, pahali jua haijafika tangu Mungu aumbe jua, na ile maji iko baridi mpaka meno inauma kwa kuiangalia tu. Kikapu ikipanda, mimi njo ninaosha mawe na matope. Siku moja nikaona kitu kati ya mawe: nyeupe ya kuenda ku manjano, laini, na madonge, sawa bukari ya muntu aliyejifunza kupika jana. Nikazani mupishi wa mashua aliangusha unga wake. Nikamupelekea. Mupishi akakasirika sana. Bado tunabishana, Madame akapita, akatoa miwani.

"Kalala, hii umetoa wapi?"

"Mu matope, Madame. Lakini ni ya mupishi."

"Haiko yangu," mupishi akasema.

Ilikuwa eponji. Haiko ile unaogea. Hii ni munyama muzima. Haina kichwa, haina tumbo, haina miguu. Inakaa pahali moja maisha yake yote, inakunywa na kutema, inakunywa na kutema. Baba mudogo Hubert angepaswa kuielewa haraka, juu banafanana.

Musifikiri muprofesa anaamuka tu na kusema hii ni mupya. Unakata kipande sawa ukucha, unaitia mu javel, ile dawa ya kung'arisha nguo. Nyama yote inayeyuka. Kinachobaki ni sindano za kioo, ndogo hata jicho haizioni, mpaka uziweke chini ya mashini ya kukuza vitu. Pale zinawaka sawa mapambo ya Noël. Kila aina ya eponji iko na sindano zake: ingine na vichwa viwili, ingine imepinda sawa ndoano. Madame alizipima moja moja, akazichora, kisha akalinganisha na kila eponji bazee ba zamani baliandika, na bengine ba hao balichora sawa bantu balioketi juu ya baiskeli mu barabara mubaya. Mimi ninaosha chupa, ninabadilisha alkoli, ninaleta chai. Tukapitisha majira yote ya giza vile, majira ambayo huku asubuhi na jioni ni kitu moja. Kila nikifikiri imeisha, Madame anasema, "Tupime tena." Nilichoka mpaka nikawa ninaota sindano.

Mwisho akasema: hakuna muntu aliyeiandika mbele. Ni mupya. Na muntu anayeiandika njo anaipatia jina, na ile jina inabaki mu vitabu vya dunia yote, hata kisha sisi wote kufa. Akanigeukia. "Wewe njo uliiokota. Uko na jina ya kunipa?"

Nikasema: Ngalula. Sikuwaza.

Mama, unajua sababu. Batoto ba Yaya Béa balichukua majina ya upande ya bwana yake. Ba dada yetu Alphonsine vilevile. Mimi sina mutoto. Siku ya ubatizo ya mutoto ya mwisho ya Yaya Béa, balipotaja jina ya nyanya ya upande ule mwingine, wewe ulicheka na bageni, kisha ukaingia mu jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeoshwa tayari. Yaya Béa, haiko kosa yako, endelea kusoma. Mimi nilisimama ku mulango, nikaona. Mama hana muntu anayeitwa sawa yeye. Sasa nikasema, dunia yote itamuita, bataka basitake. Bachina batasema Ngalula. Baamerika batasema Ngalula, vibaya, lakini batasema.

Basi. Ile eponji ya kwanza haitupwi. Inalindwa mu chupa ya alkoli, mu chambre froide, chumba ya baridi, ili muntu mwenye mashaka aje aiangalie. Na ndani ya chupa, pamoja nayo, banaweka etiketi yenye jina. Mimi mwenyewe nilifunga ule mufuniko. Nikapiga picha, nikatuma mu groupe ya famille, na juu ya furaha nikaandika: "Mama amewekwa hapa, hatatoka tena."

Saa ile tu Baba mudogo Hubert akapiga.

"Kalala, nani alikutuma?"

"Hakuna muntu alinituma, baba. Ni sayansi."

"Sayansi gani inaanza na jina ya mama ya muntu? Ungeanza na ya mama-mukwe."

"Sina mama-mukwe, baba."

"Njo maana. Muntu iko hai, jina yake umeitia mu chupa, na kipande ya nyama, mu baridi, ukafunga. Pale Naviundu tunakesha tukiomba ili vitu vya namna hii vifunguke, na wewe unatutumia picha."

"Ni heshima, baba."

"Heshima iko na mufuniko?"

Mama, mimi nina jibu ya kila kitu, unanijua. Pale nilikata simu.

Nilikasirika na yeye. Nilikasirika na groupe yake ya maombi, balioanza kufunga chakula kwa ajili ya eponji ambayo hata mwenyewe haili. Na nilikasirika na wewe. Wewe uliyefukuza mwizi na mutwangio, ukiwa na mimi mugongoni, unaogopa chupa. Nikaapa: jina haitoki. Bandugu bangu bafunge mpaka bakonde.

Kisha Yaya Béa akaniambia haukuli, na unalala mulango wazi, juu unasema unasikia sawa maji iko mu kifua. Siamini chupa. Sijaanza kuamini leo. Lakini hiyo kifua ni ya mama yangu, na heshima inayomuzuia muntu kupumua, siiwezi.

Nikaenda kwa Madame. Andiko la Madame juu ya eponji lilikuwa tayari, lilipaswa kutoka Ijumaa.

"Madame, toa jina ya mama yangu."

"Amekataa?"

"Hapumui muzuri."

Nikamuelezea yote, chupa, mufuniko, Naviundu. Nilingojea acheke, nilikuwa hata na tusi tayari. Hakucheka. Alisema, "Basi niite eponji jina ya bahari yake, imekwisha."

Lakini Baba mudogo alikuwa amenipigia tena na kusema: jina ikitoka, lazima ingine iingie, chupa haibaki wazi. Na ukisikia kwamba chupa ilibaki wazi, mama, utalala mulango wazi mpaka mwisho ya maisha.

"Weka yangu," nikasema.

"Kalala, bantu hapa batasema unajisifu."

"Banasema tayari."

Ameiweka. Eponji inaitwa Kalala, na kamukia ya Kilatini nyuma. Bantu ba labo bamecheka mpaka machozi: muosha-chupa aliomba jina ya mama yake, kisha akajipa mwenyewe. Mbele ya kila chai bananiuliza kama ningali ninakunywa na kutema. Sikubaelezea. Nimekunywa chai yangu, nikarudi ku chupa zangu.

Inaniuma, sitakudanganya. Dunia haitasema Ngalula. Nilitaka kukupatia kitu hakuna muntu anaweza kukunyanganya, na sasa kiko na jina ya muntu ambaye hakukitaka.

Nilifungua chupa kwa mikono yangu, nikatoa etiketi na kibano, nikaikausha ku dirisha. Iko ndani ya hii bahasha. Inanuka alkoli kidogo. Ni yako: ichome, itie mu Biblia, ao mupe Baba mudogo aione kwa macho yake. Mu chupa mule, jina yako haiko tena, iko yangu, na mufuniko umefungwa.

Nisalimie Yaya Béa, musomaji wa leo, na bwana yake, shemeji yangu mupole. Nisalimie Alphonsine dada yangu na batoto bake, wote na majina yao ya upande ule. Bamama ba kwaya, bale balikuwa bananipikia sombe nikitoka masomo, ubaambie sijaisahau. Baba mudogo Hubert umuambie simuchukii, na kama groupe ingali inafunga, ibadilishe jina: sasa baombee mimi.

Kula, mama. Funga mulango, baridi isiingie.

Mimi mutoto yako ya mwisho, Kalala. Nimekula, nimelala, ninapumua muzuri.