Mikono ya Sweta ya Zuhura

Jumatatu, 6 Juni 1955
Maji nimechota, Zuhura nimemnyonyesha, sindano za kufumia mkononi. Usingizi tele. Sweta imebaki mikono miwili. Jumamosi tunapanda lori kwenda Njombe kwa baba yake, anafundisha shule huko. Baridi ya huko wanasema inauma mifupa. Mama mkwe katamka mbele ya watu: bila nguo ya sufu mtoto haondoki Temeke. Na kwao mtoto wa kwanza hulelewa na bibi. Anamtaka. Najua.

Jumanne, 7 Juni
Karatasi ya Bi Salome, mwalimu wetu wa kufuma, inasema: fuma mistari minne, kisha rudia mpaka mara kumi zitimie. Ile mara ya mwanzo imo katika kumi au haimo? Nimeihesabu. Zuhura akalia, nikamchukua. Kurudi, sijui niko mstari wa pili au wa tatu. Nikaanza tena wa kwanza. Akalia tena. Nikaanza tena. Mkono wa kulia umekwisha. Nadhani.

Jumatano, 8 Juni
Mkono wa kushoto. Leo ile ya mwanzo sikuihesabu, sijui kwa nini. Nimeilaza mikono kitandani: hailingani. Nimefumua wa kushoto, nikafuma upya. Bado hailingani. Kichwa kimejaa nyuzi. Nimelia. Mama mkwe alikuwa mlangoni.
“Pumzika, mwanangu. Zuhura atazoea maziwa ya ng'ombe.”
Kwa upole. Nimeuchukia upole ule.

Alhamisi, 9 Juni
Zuhura mgongoni, mpaka Chang'ombe kwa Bi Salome. Nikamuuliza: ile ya mwanzo imo? Akacheka.
“Kumi nilimwandikia mwanangu, lile bonge! Wako na kamkono hako? Mama Zuhura, unamfumia mtoto au karatasi?”
Aibu. Nimerudi, nimefumua yote miwili. Sasa nafuma minne, nampima mtoto. Bado. Minne tena, nampima. Akilia, kwanza namaliza mstari nilioushika, ndiyo namchukua. Alie kidogo. Nampenda, lakini alie. Mara ya saba sufu ikagusa kifundo cha mkono wake. Kumi haijafika. Nimesimama. Vidole vilitaka kuendelea, nikavikatalia. Wa pili saba vilevile. Inalingana. Sielewi kwa nini sikuona tangu Jumanne.

Ijumaa, 10 Juni
Mama mkwe kaipokea sweta, kaivuta mikono, kaigeuza ndani nje. Akamvalisha Zuhura mwenyewe, jua la adhuhuri. Mtoto akalowa jasho, akapiga kelele. Bibi akampepea kwa upindo wa kanga, muda mrefu, hamtazami mtu.
“Mvue, ataungua. Utamvalisha huko.”
Kisha akaenda jikoni kukaanga karanga za njiani. Nimeikunja sweta. Zuhura amelala, mdomo wazi.