Wimbo wa Kutwanga Ulanga

Kinole, Jumatano. Ukungu haujainuka mlimani tangu asubuhi.

Nimeshtuka. Sijui niseme vipi ila hivyo.

Tangu Wadachi wafungue machimbo ya ulanga huku juu, yale mawe yanayobanduka tabaka tabaka na kung'aa, vipande vikubwa hutiwa makashani na kubebwa mpaka Morogoro. Vidogo vinavyobaki tunatwanga sisi wanawake. Wanautaka unga laini kuliko wa mahindi, uliochekechwa kwa kitambaa cha bafta, eti huko kwao huchanganywa kwenye rangi za kuta. Haya, kila mtu na mambo yake.

Tunatwanga kama tunavyotwanga nyumbani, kwa wimbo. Nani alishawahi kushika mchi akanyamaza? Dada yangu Mwanaidi ndiye mwanzishaji. Yeye huanza, sisi tunaitikia, michi inashuka pamoja, na unga unatimka hadi hatuonani vizuri. Tulikuwa tukichekana, nyusi zinavyong'aa kama za bibi harusi.

Leo katikati ya wimbo sauti ya dada ikakatika. Nikadhani anatania, maana kwa utani hajambo. Akainama, akakohoa kwa muda mrefu, akatema kiganjani. Kisha akaninyooshea mkono.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "mbona yanametameta?"

Mate yake yalikuwa yanang'aa.

Mahindi hayajawahi kutufanya hivi. Siku zote hizi tumeimba vinywa wazi huku tukiuvuta ule unga vifuani, na yeye anayeimba kutushinda sote ndiye aliyeuvuta zaidi. Hakuna aliyetukataza, wala sisi hatukuwaza.

Nikamwendea mnyapara, nikamwamkia kwa heshima, nikamwomba tutwange kimya. Akakataa. Alisema bila wimbo michi inapishana na unga unatoka na chenga. Halafu akamtazama dada aliyekaa chini akihema, akanigeukia mimi.

"Basi kesho utaanzisha wewe."

Hakuuliza hata hali ya mgonjwa.

Sasa dada amelala hapa kando yangu, kifua kinakoroma kila anapovuta pumzi. Naogopa kumpoteza. Namwogopa na yule mnyapara na kiboko chake. Lakini kesho nitakwenda nimejifunga kitambaa puani na mdomoni, na wenzangu nitawafunga hivyo hivyo, mmoja mmoja. Akitaka wimbo, na aje aimbe mwenyewe, kinywa wazi juu ya kinu.