Wimbo Tuliokuzika Nao

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Sijui kama huko mnaamkiana, lakini kuanza bila shikamoo siwezi.

Habari si njema. Kile chumba chetu hapa Iringa, tulimokuwa tukificha maneno ya telegramu, kimefungwa. Sasa tunaandika waziwazi kwenda Mbeya: lori la unga linaondoka lini, litashusha wapi. Mlanguzi yeyote anayefahamiana na mtu wa posta anasoma.

Kazi yako yote, Mwalimu. Ulitufundisha hesabu sekondari, na kila Jumamosi ukatupa fumbo la herufi tulivunje. "Anayefunga bila kujua kufungua ni nusu fundi." Ukahangaika miaka na makaratasi yako kutafuta ufunguo usioandikwa popote, ukaja kuupata kanisani: namba ya wimbo wa kwanza wa Jumapili ndiyo ilisema herufi zisogezwe vipi. Njaa ilipoingia, ofisi ya chakula ikakuita, nawe ukanichukua mimi. Kila Jumatatu ulimpigia Asajile, karani wa Mbeya, ukamsimulia ibada na nyimbo zake kama mama wa kwaya, mimi nacheka pembeni. Ukishakata simu unaniambia, "Ufunguo wa jana ni mlango wazi. Usahau."

Tulikuzika Jumapili, na wimbo wa kwanza wa maziko ukawa ufunguo wa wiki ile. Asajile alikuja na basi, amelia njia nzima. Jumapili iliyofuata ilipopita nikampigia kumpa namba mpya. Akakataa. "Ndugu yangu, mzee hata udongo haujakauka, wewe unambadilishia wimbo? Tumwachie namba yake mpaka tuanue matanga." Nikabisha. Mkubwa wetu wa ofisi akaniambia sina utu, akaamuru namba ya maziko ibaki.

Na wimbo wa maziko mji mzima uliuimba. Festo pia, yule uliyemsifu kuliko sisi wote kwa kuvunja mafumbo. Alibeba jeneza lako upande wa kichwani. Siku hizi anakula na walanguzi. Namba ikiwa ile ile wiki baada ya wiki, akaijaribu kwenye telegramu zetu, zikafunguka. Lori la kwenda kijiji cha Igowole wakalisubiri njiani, unga wote ukaishia kwao. Mimi nilifika kijijini kesho yake. Akina mama walikuwa bado wamekaa na magunia matupu, na mmoja akaniuliza kama nimetangulia tu, lori linakuja nyuma.

Nimekata tamaa, Mwalimu. Uliyemfundisha ametumia ulichomfundisha, na waliokupenda wameivunja kazi yako kwa kukulilia. Sioni pa kuanzia.

Barua hii nayo nimeiandika waziwazi, maana wa kushika ufunguo upande wa pili hayupo tena. Naahidi kitu kimoja. Jumapili nitasikiliza wimbo wa kwanza, nitaishika namba yake wiki nzima, kisha nitaisahau, hata kama Jumatatu hakuna wa kumpigia. Nitafanya hivyo kila wiki.

Namba yako ndiyo inanishinda kuisahau.

Pumzika, Mwalimu.